Fedha za Shule na Mtoto Mwenye Ulemavu katika Butembo na Beni

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inatamka, katika kifungu cha 43, kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na haina malipo katika shule za serikali, na katika kifungu cha 49 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu. Ahadi ya kwanza ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Ya pili, ingawa nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015 na kutunga sheria yake tarehe 3 Mei 2022, haijafika darasani. Kilichopungua si huruma wala sheria, bali ni njia ya fedha.

Mkataba wa 1977 kati ya serikali na makanisa uliyakabidhi makanisa usimamizi wa shule nyingi, serikali ikibaki na jukumu la mishahara. Mishahara ilipoporomoka na walimu kugoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kutoa prime, yaani nyongeza ya kumtunza mwalimu. Gratuité, kama wenyeji wanavyouita mpango wa elimu bila malipo, ilikusudiwa kuwaondolea wazazi mzigo huo, lakini haikubadili hesabu yenyewe: serikali hulipia darasa na mwalimu aliyesajiliwa, hailipii mahitaji ya mwanafunzi. Mwalimu ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara hufundisha miaka mingi akisubiri. Na ikiwa mwalimu wa hesabu anasubiri, wa lugha ya alama atasubiri hadi lini?

Katika darasa lililofurika, kwenye mtaa kama Rughenda mjini Butembo, mashariki mwa nchi, mtoto kiziwi anaweza kunakili ubao wote kwa mwandiko safi, daftari lake likasahihishwa na kupewa alama, ilhali maelezo ya mwalimu, ambayo ndiyo somo lenyewe, yamempita. Huyo ameandikishwa, lakini hajajumuishwa, kwa maana ujumuishi ni shule kujirekebisha ili mtoto ajifunze pamoja na wenzake. Huko Beni, ambako raia wameuawa kwa mapanga na risasi tangu Oktoba 2014, wapo pia watoto walioupata ulemavu vitani, wakahama na familia zao hadi shule ambazo hazikuwatarajia.

Husemwa kwamba hazina ni ndogo. Ni kweli, ila benchi la mbele au njia ya mteremko mlangoni havigharimu sana. Kinachogharimu ni mashine ya breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, na mshahara wa anayeifundisha. Kenya, inayotenga Sh 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma, humwongezea mwenye mahitaji maalumu. Fedha hizo huchelewa mara nyingi, lakini angalau zina fungu ambalo mzazi anaweza kulidai. Bila fungu kama hilo, Butembo, mji wa wafanyabiashara uliozoea kujijenga kwa michango, unaweza kushawishika kuchanga tena, na hapo prime itakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ikitozwa familia zenye mzigo mzito kuliko zote.

Bunge lililopitisha sheria ya 2022 ndilo linalopitisha bajeti ya taifa kila mwaka, na wabunge wa Butembo na Beni wanapaswa kuulizwa fungu la mtoto mwenye ulemavu liko wapi.