Sakafu ya Banda la Gari

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilizoea kuwaambia wanachuo kwamba somo la historia laweza kuanzia popote, hata miguuni pa mwalimu. Nilisema hivyo kwa kuwa yalikuwa maneno mazuri ya kusema mbele ya darasa. Sikutegemea kwamba mwaka 2021 ningekuja kuyalipia, tena kwa fedha taslimu, katika sakafu ya banda langu la gari.

Nyumba yangu iko Tanga, si mbali na bahari. Mwezi Aprili mwaka huo tulikuwa tukingoja wageni wa posa ya binti yetu, na mama watoto aliona kwamba banda ndilo mahali pekee penye nafasi ya kuwaketisha wanaume. Sakafu yake ilikuwa ya saruji tupu, yenye madoa ya oili ya miaka kumi. Nikamwita fundi, kijana wa mtaani kwetu, aipake epoksi ile inayong'aa kama sahani. Alichuchumaa, akaweka kiganja chake chini, akanyamaza kidogo.

"Mwalimu," akasema, "ningeomba tungoje masika yaishe. Sakafu hii ina maji."

"Maji yako wapi? Mimi naona vumbi."

Hakubishana. Vijana waliolelewa vizuri hawabishani na mzee, na hilo nimeligundua kuwa ni hasara kwa wazee. Alifagia, akaosha, akapaka kwa rola. Wageni walikuja, wakasifu, posa ikapokelewa.

Kufika Juni rangi ilianza kutoa malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nilibonyeza moja kwa kidole, likapasuka na kutoa tone la maji. Pale magurudumu yanaposimama ilibanduka vipande vizima vyenye alama za tairi. Nyuma ya kila kipande palikuwa na unga mweupe wa saruji, ishara kwamba epoksi ilishika unga na wala haikushika zege. Nilikasirika sana. Fundi alikuwa ananidai shilingi 90,000 za kumalizia. Nikamwambia hazipo mpaka arudie kazi kwa gharama yake. Aliinamisha kichwa, akaondoka. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukipishana njiani akiniamkia "Shikamoo Mwalimu", nami nikimwitikia bila kusimama.

Katika miezi hiyo nilimpeleka mjukuu wangu Tongoni, kusini mwa mji, kuyaona magofu ya msikiti na yale makaburi ya kale. Nilikwisha kuyaona mara nyingi nikiwa na wanafunzi, lakini safari hii macho yangu yalikuwa ya mtu aliyebandukiwa. Mahali hapo hapana paa. Mvua hupiga, upepo wa chumvi huvuma toka baharini, unyevu hupanda toka ardhini. Hata hivyo, kwenye sehemu kadhaa lipu ya chokaa ingali imeshika jiwe lake baada ya karne nyingi. Yangu haikufikisha siku 70.

Nikaanza kufikiri juu ya maneno. Sakafu tumeipata kwa Waarabu, na kwao *saqf* ni dari au paa. Si ajabu, kwani katika nyumba za mawe za pwani sakafu ya ghorofani ndiyo dari ya chini, na vyote viwili vilitengenezwa namna moja: boriti za mikoko, vipande vya matumbawe juu yake, kisha chokaa iliyochanganywa na kokoto. Watu walipanga mstari wakaipiga kwa fimbo, siku kwa siku, kwa nyimbo, mpaka ikashikamana. Kazi hiyo waliiita kusakifu. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa. Jiwe likipata moto wa nyuzi kama 900 hutoa hewa ya kaboni, na chokaa ikishapakwa huirudisha hewa ile polepole mpaka inakuwa jiwe tena. Basi ilikuwa kazi ya kungoja. Walingoja tanuri lipoe, wakangoja chokaa ilale na maji, wakangoja ikauke.

Saruji nalo si neno la kiwandani. Waajemi na Waomani walikuwa na *saruj* yao, udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, wakijengea mifereji na mabirika. Na niru, ambayo leo fundi akiitaja ana maana ya saruji tupu inayosuguliwa juu ya sakafu ili iwe laini, hapo zamani ilikuwa chokaa nyeupe ya kumalizia ukuta.

Kisha mwaka 1824 mwashi mmoja wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin, aliandikisha hataza ya saruji aliyoiita ya Portland kwa sababu ilifanana na jiwe la huko. Ilifika kwetu kwa meli. Baadaye tukaitengeneza wenyewe: Bamburi karibu na Mombasa kuanzia 1954, Wazo Hill mwaka 1966, halafu Pongwe hapa kwetu Tanga. Ilishika upesi na ilikuwa ngumu. Tuliipa majina yaleyale ya zamani, na nadhani hapo ndipo tulipopotea, kwa kuwa jina lilipobaki tulidhani na tabia imebaki. Chokaa hupitisha unyevu, unaingia na kutoka. Saruji hupitisha kwa shida. Majumba ya kale ya pwani yaliyozibwa kwa saruji yameonyesha matokeo: maji hukwama ndani ya ukuta, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, lipu huanguka pamoja na kipande cha jiwe. Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, iliwekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, ikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na mafundi wa kazi ile walirudia chokaa.

Epoksi ni mtoto wa mwisho katika ukoo huu, na hapitishi chochote. Mmoja wa waliomzaa ni Mswisi Pierre Castan, aliyekuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia katika miaka ya 1930. Kampuni ya Ciba ilichukua ugunduzi ule, na mwaka 1946 ikaonyesha gundi ya Araldite. Ni vitu viwili, utomvu na kigumisho, ambavyo vikikutana kwa kipimo sahihi hufungana visiachane tena. Ukikadiria kwa jicho, upande mmoja ukazidi, rangi hubaki laini. Tairi lililotoka safarini lina joto. Huilainisha rangi dhaifu, na linapopoa huishika na kuing'oa. Lakini adui mkubwa ni maji yatokayo chini. Hayana haraka. Hupanda ndani ya zege kama mafuta katika utambi, na yakikuta njia imezibwa huinua kizibo.

Nilipofika hapo katika fikira zangu nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa makusudi. Jamvi la banda lile lilimwagwa mwaka 2011, kwa kiinua mgongo changu. Fundi wa wakati ule, mzee ambaye sasa ni marehemu, alitaka tutandike nailoni nzito juu ya kifusi kabla ya kumwaga zege. Mimi ndiye niliyesema, "Banda la gari tu, la nini nailoni?" Isitoshe, kwa miaka kadhaa nilimwagiza kijana wa kazi aipake sakafu ile nta na kuisugua kwa kumbi la nazi, kama tulivyofanya madarasani. Juu ya nta hakuna rangi inayoshika.

Nilimtuma mjukuu amwite fundi. Alikuja na kipande cha nailoni angavu, cha futi moja na nusu kila upande, akakibandika sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, mahali palipokwisha kubanduka. Kesho yake asubuhi tulikiinua pamoja. Kwa chini kilijaa matone, na zege lilikuwa jeusi kwa maji. Hakusema neno. Mimi nilisema, na yale niliyosema hayahitaji kuandikwa. Nilimpa 90,000 zake, na nyingine 60,000 kwa ile miezi mitatu.

Kuhusu kurudia, alinishauri nisipake tena. Ziko praima za kuzuia unyevu, lakini bei yake ni kubwa, na jamvi lisilo na nailoni chini litaendelea kunywa. Tulikodi mashine ya kusagia, tukaondoa rangi yote, iliyobanduka na iliyoshika, pamoja na nta na ule unga, mpaka kokoto zikaonekana. Sakafu imebaki hivyo, ya kijivu, haing'ai, na asubuhi za masika huwa na jasho ambalo hukauka saa nne jua likiingia.

Mwaka 2023 mwanangu alijenga banda lake upande wa Pongwe. Fundi ni yuleyule. Nailoni ilitandikwa kwanza. Zege lilinyweshewa maji wiki nzima, likapita siku 28, kisha likaachwa kiangazi kizima kwa sababu fundi alibandika nailoni yake mara mbili na mara zote mbili akaona ukungu. Mwanangu alikuwa na haraka ya kuhamia. Alinipigia simu nimwombee fundi aanze. Nilimwambia fundi ndiye anayejua, akakata simu bila kuaga. Mara ya tatu nailoni ilitoka kavu. Wakasaga uso wa zege, wakafyonza vumbi, wakapima makopo kwa chupa yenye mistari, wakapaka mkono wa kwanza mwembamba ili uzame. Nilikwenda kuitazama mwezi uliopita, nikapiga magoti kwa shida nikapitisha kiganja pale magurudumu yanaposimama.