Mnyoo wa Fabricius na Safari ya Jina Lake

Mwaka 1768 kijana wa Kideni aitwaye Otto Fabricius, mwenye umri wa miaka 24, aliwasili Frederikshåb, pwani ya kusini-magharibi ya Grinlandi, kuhubiri Injili. Mahali hapo leo paitwa Paamiut. Alikaa huko miaka mitano. Alijifunza lugha ya Wainuiti, akajifunza kupiga kasia katika kayaki na kuwinda sili kama wao. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia sana, aliandika habari za kila kiumbe alichokutana nacho, tangu nyangumi hata vidudu vya matopeni. Kazi hiyo ilipigwa chapa kwa Kilatini mwaka 1780 kwa jina la Fauna Groenlandica, nayo inaeleza aina zaidi ya 450 za wanyama. Miongoni mwao yumo mnyoo mmoja mdogo wa baharini ambaye Fabricius alimwita Aphrodita minuta, yaani Aphrodita aliye mdogo. Nataka kusimulia habari za mnyoo huyo, na zaidi habari za jina lake, maana jina lilisafiri mbali kuliko mwenyewe.

Mimi si mtaalamu wa viumbe. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu. Lakini kadiri nilivyosoma habari hii ndivyo nilivyoona kuwa ni jambo la usomaji tangu mwanzo hata mwisho.

Kwanza na tumtazame mwenyewe. Huyu ni wa kundi la minyoo wenye singa, ambao miili yao imegawanyika pingili pingili mfano wa muwa. Urefu wake aghalabu haufikii sentimita 2, na rangi yake imefifia, hata amtazamaye kwa macho matupu aweza kumdhania kipande cha uzi kilichosahauliwa mchangani. Chini ya hadubini mambo ni mengine. Mgongo umepambwa magamba laini, jozi baada ya jozi, na ukingo wa kila gamba umeota vinyweleo vidogo. Magamba hayo hayakupangwa ovyo. Yako katika pingili ya 2, ya 4, ya 5 na ya 7, kisha yanaruka pingili moja moja hata karibu na ya 23. Na tangu hapo hakuna kuruka tena, bali kila pingili ina jozi yake. Kichwani kuna kipapasio kimoja cha katikati, macho manne yaliyokaribiana mawili mawili, na chini yake vipapasio vingine viwili virefu na vinene. Koo lake huweza kutokezwa nje, kama mfuko wa koti unapopinduliwa, nalo lina jozi mbili za taya ambazo kwazo huwakamata walio wadogo kuliko yeye. Kandoni mwa kila pingili kuna vijiguu vyenye matawi mawili: tawi la juu lina singa nyembamba zilizopinda, na la chini lina singa nene zenye kiungo, ambazo ncha zake zimejikunja kama mundu.

Huenda msomaji akauliza ni ya nini hesabu hii ya magamba. Jibu ni kwamba katika minyoo hawa hesabu ndiyo nasaba. Aphrodita wa kweli, yule mnene mwenye manyoya ubavuni, huendelea kurukisha magamba yake mpaka nyuma kabisa. Huyu wa Grinlandi hujaza kila pingili. Basi hao wawili si ndugu wa tumbo moja, wajapokuwa wa ukoo mmoja mkubwa.

Fabricius hakuweza kulitumia jambo hilo, wala hatuna haki ya kumlaumu. Aliandika katika nyumba iliyojengwa na Linnaeus mwaka 1758, na katika nyumba ile chumba cha Vermes kilikuwa kama ghala: waliwekwa humo konokono na pweza, viti vya pwani na matumbawe, pamoja na minyoo wa kila namna. Mnyoo wa baharini mwenye magamba mgongoni aliitwa Aphrodita, basi. Baadaye ndipo ghala lilipoanza kupangwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Lamarck aliwatenga wenye pingili akawapa jina la Annelida. Mwaka 1850 Mjerumani Grube aliwaita wale wenye singa nyingi Polychaeta. Kati ya hao wawili, mwaka 1839, George Johnston, tabibu wa Berwick mpakani mwa Scotland na Uingereza, alimwona mnyoo mdogo wa pwani ya kwao akaona hafai kuwa Aphrodita. Akaunda jenasi mpya, Pholoe, na mnyoo wake akamwita Pholoe inornata. Wataalamu walipolinganisha, wakaona yule wa Fabricius ni wa jenasi hiyo pia. Tangu hapo huandikwa Pholoe minuta (Fabricius, 1780). Mabano hayo yana maana: yatangaza kwamba mtoa jina alimweka mnyoo huyu mahali pengine, naye akahamishwa. Sijui alama nyingine ya uandishi ibebayo historia nyingi kwa wino mchache hivyo.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. Mwaka 1843 Mdeni Örsted alieleza mwingine, Pholoe baltica. Kwa hiyo palikuwa na majina matatu kwa minyoo wadogo wafananao sana, na waliokuja baadaye waliona wepesi kuwakusanya chini ya jina lililo kongwe. Kitabu cha Mfaransa Pierre Fauvel cha mwaka 1923, ambacho vizazi vya wanafunzi wa minyoo wa Ulaya vilikitegemea, kiliendelea na jina la minuta. Mtu aliyechota tope katika ghuba ya Ulaya akapata mnyoo wa namna hii, alifungua kitabu, akaona picha inafanana, akaandika: Pholoe minuta. Hakumwongopea mtu. Ila alimwita mnyoo wa mlangoni kwake kwa jina la mnyoo wa Grinlandi pasipo kumwona wa Grinlandi. Wasomao hati za tenzi wanaijua hali hii: mnakili akuta neno asilolifahamu, aweka alijualeo, na wa tatu amfuata wa pili.

Mwaka 1998 Mary E. Petersen, mtaalamu aliyefanya kazi Copenhagen, alitoa ufunguo mpya wa kuwatambua Pholoe wa kaskazini mwa Ulaya. Wale waliokuwa wamefungwa pamoja walitenganishwa tena. Inornata na baltica wakarudishiwa majina yao. Na nasaba ya juu nayo haikutulia. Katika miaka ya 1850 Mswidi Kinberg alikuwa amewapa Pholoe familia yao wenyewe. Uchunguzi wa chembe za urithi katika karne hii umewarudisha ndani ya familia ya Sigalionidae, ambao nao hujaza magamba kila pingili upande wa nyuma. Hesabu ya zamani haikudanganya.

Jambo hili si la makabati ya makumbusho peke yake. Katika bahari za kaskazini minyoo wa matopeni huhesabiwa ili kupima kama chini ya bahari ni kuzima au kumeharibika kwa taka na mafuta, na Pholoe ni wa kawaida katika hesabu hizo. Orodha za miaka mingi zilizoandikwa minuta zaweza kuwa na aina mbili au tatu ndani yake, na aina moja yaweza kupungua huku nyingine ikiongezeka, jina likaficha yote mawili. Pale ambapo mnyoo mwenyewe alihifadhiwa katika chupa ya alkoholi, chupa hufunguliwa na kosa hurekebishwa. Pale alipotupwa, limebaki neno tu.

Kichwa kamili cha kitabu cha Fabricius ni kirefu mno, kwa desturi ya wakati ule. Chaahidi kumpa kila mnyama jina la kitaalamu na jina la wenyeji, kisha umbo lake, mahali pake, chakula chake, uzazi wake, tabia zake, matumizi yake na namna ya kumnasa. Mwandishi huyo huyo alitoa sarufi ya Kigrinlandi mwaka 1791 na kamusi mwaka 1804. Waliochukua jina lake wakavuka nalo bahari hawakukisoma vema kifungu cha nne, cha mahali.