Sotoka Ilikokomea

Ukiuliza LMD mjini Isiolo, mtu yeyote atakuonyesha njia. Herufi hizo ni za idara ya zamani ya soko la mifugo. Enzi ya ukoloni Isiolo ilikuwa kituo cha karantini: ng'ombe wa kaskazini walizuiwa hapo, wachunguzwe kwanza, ndipo washuke kusini. Serikali iliita hiyo kinga. Ilikuwa kinga kweli, ila ya ng'ombe wa masetla. Fungu la mfugaji Mborana au Msomali lilikuwa kungoja huku mifugo ikikonda.

Miongoni mwa magonjwa yaliyohofiwa ni sotoka, iliyoingia Eritrea mwaka 1887 na baada ya miaka michache ikawa imefagia ng'ombe na nyati wa Afrika Mashariki.

Ua wa karantini haukuimaliza. Mwaka 1910 virusi vilichukuliwa kwa ng'ombe mmoja wa Kabete. Nusu karne baadaye daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walivikuza kwenye maabara ya Muguga katika chembe za figo la ndama, mara nyingi mno, mpaka vikaisha makali na kuwa chanjo. Maabara hiyo ilikuwa ya shirika: Kenya, Uganda na Tanganyika. Sindano moja tu, na ng'ombe amekingwa maisha yake yote.

Kampeni ya pamoja ya nchi za Afrika, JP15, 1962 hadi 1976, nusura iitokomeze sotoka. Kisha kila nchi ikaachiwa kuchanja ndama wake yenyewe, uchanjaji ukalegea, na miaka ya 1980 ugonjwa ukarudi. (Ng'ombe akivuka mpaka wa Moyale haonyeshi pasipoti.) Ikabidi nchi ziungane tena mwaka 1986, zikiratibiwa na ofisi ya mifugo ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) jijini Nairobi. Safari hii kulikuwa na chanjo ya mtafiti Jeffrey Mariner iliyostahimili joto, hata wafugaji waliofunzwa wakaweza kuibeba mbali na friji.

Wagonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani walikuwa nyati wa Mbuga ya Meru, jirani na Isiolo, mwaka 2001. Sotoka ikatangazwa kutokomezwa 2011.

UVIKO-19 ilipokuja, ushirikiano wa namna hiyo haukutosha. Machi 2021 Kenya ilipokea dozi 1,020,000 za chanjo ya AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, zilizotengenezwa India. Mwezi huohuo India, ikielemewa na wagonjwa wake, ikabana mauzo ya nje. Mataifa tajiri yalikwisha kuagiza dozi kuzidi idadi ya watu wao. Kenya ikasogeza dozi ya pili kutoka wiki 8 hadi 12, na Juni ikapokea nyingine kutoka Denmark, za msaada.