Kituo cha Mungbere, mwisho wa reli ya Uele

Katika inchi ya Uele kuna kijiji kiitwacho Mungbere. Reli ilikoma pale. Lakini leo gari la moshi halifiki tena. Wengi husema: vita ndiyo iliyoua reli hiyo. Sisi twaona sababu ni ya zamani kuliko vita.

Kampuni ya Vicicongo ilianzishwa mwaka 1924. Reli yake ilitoka Aketi, penye mto Itimbiri, ikapita Buta na Paulis, ndiyo Isiro ya leo, na mwaka 1937 ikafika Mungbere. Ilikuwa reli nyembamba: toka chuma kimoja mpaka kingine, sentimeta 60 tu. Toka Mungbere mizigo iliendelea kwa kamio.

Mzigo mkubwa wa reli hiyo ulikuwa pamba. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliwapa wakubwa wa serikali ruhusa ya kuwashurutisha watu kulima, siku 60 kila mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu, siku zikawa 120. Mkulima hakuchagua mbegu, wala hakupanga bei. Pamba ilipanda vagoni mpaka Aketi, ikahamishwa katika masua mpaka Léopoldville, tena katika reli nyingine mpaka Matadi, ndipo ikavuka bahari. Kila kupakua na kupakia kuliongeza gharama. Ni nani aliyebeba gharama hiyo? Mkulima, kwa bei ndogo aliyopewa.

Basi, mavuno yalipopungua, reli ilikosa chakula. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulitikisa inchi yote ya Uele. Mwaka 1973 mashamba na maduka ya wageni yaligawiwa wenyeji wa Zaire, na mengi yakaharibika. Mwaka 1974 reli iliingizwa katika SNCZ, kampuni ya serikali. Kisha ugonjwa wa mnyauko ulikausha kahawa. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilikuta reli imekwisha kudhoofika.

Hatusemi kwamba reli haikumfaa mtu. Wengi walisafiri, wengine walijifunza ufundi. Lakini nyumba ya nguzo moja, nguzo ikianguka, nyumba yalala chini.

Kwa hiyo, siku watakapotuambia kwamba reli ya Uele itatengenezwa, tusiulize tu itagharimu kiasi gani. Tuulize: itabeba nini, na kwa faida ya nani?