Upimaji wa kutu ya nondo

Upimaji wa kutu ya nondo ni uchunguzi wa vyuma vilivyofukiwa ndani ya zege, bila kulivunja, hasa kwa vifaa vya sumaku-umeme. Zege zima lina ualikali mkali, pH 12.5 au zaidi, na humo nondo hujivika utando mwembamba unaozuia kutu. Utando huo huondolewa na hewa ya ukaa inayopenya polepole, au na chumvi. Kutu ikishaanza hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kwa ndani.

Ni kipi kati ya hivyo viwili hutegemea mahali. Tabora, kilomita zipatazo 840 kwa reli kutoka Dar es Salaam, haifikiwi na upepo wa bahari. Huko mshukiwa wa kwanza ni hewa ya ukaa, hasa pale fundi alipoacha nondo karibu mno na uso wa zege. Lakini ukifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Ujiji unakuta chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi. Chumvi yake ilikuwa bidhaa ya misafara; ikiingia kwenye zege, kloridi yake hutoboa nondo vishimo vishimo.

Kipima-nondo hupitisha umeme kwenye koili. Nondo ikiuvuruga uga wa sumaku wa koili hiyo, kifaa hutaja mahali ilipo na kina chake. Rada husukumwa kwa magurudumu juu ya zege ikirusha mawimbi ya takriban gigahezi 1 hadi 2.6, na kila nondo hujichora kwenye skrini kama upinde. Unyevu na kloridi humeza mawimbi, upinde ukafifia. Hapo ndipo wengi hukosea: rada haioni kutu, inaona mazingira yake. Tabora mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, hivyo picha ya Januari isilinganishwe na ya Agosti.

Penye shaka hutumika kipimo cha umemekemia, chenye elektrodi ya shaba ndani ya salfeti ya shaba. Usomaji ulio chini ya milivolti -350 huashiria kutu kwa uwezekano unaozidi asilimia 90. Kipimo hiki hudai nondo moja ichimbuliwe ili kuungwa waya, kwa hiyo “bila kuvunja” ni kauli ya adabu. Kisha fundi hugonga kwa nyundo, na palipolia utupu huzungushia chaki.