Kigeuzi cha Nje na Safari ya Sauti ya Kompyuta

Muziki uliohifadhiwa kwenye kompyuta ni namba tupu. Spika haisomi namba. Husukumwa na umeme unaopanda na kushuka, utando wake ukaenda mbele na kurudi nyuma hadi hewa itetemeke. Kati ya namba na umeme huo lazima kiwepo kigeuzi, yaani saketi inayopokea namba moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu kila sekunde, na kutoa volti inayolingana na kila moja. Karibu kila kompyuta na kila simu inacho, kwa kawaida ndani ya chipu ndogo kuliko ukucha. Pamoja na hicho cha ndani, limekua soko kubwa la vigeuzi vya nje, visanduku vinavyochomekwa kwenye USB, vya bei ya kuanzia dola chache hadi maelfu ya dola. Wauzaji huahidi sauti safi zaidi. Kuna miaka ambayo ahadi hiyo ilitimia karibu kila mara. Siku hizi hutimia kwa baadhi ya watu tu, na sababu zake zimo katika historia ya kifaa chenyewe.

Kigeuzi kilichotumika katika siku za mwanzo za muziki wa kompyuta kilikuwa nje, tena mbali. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, aliandika programu ya kutengeneza sauti kwa hesabu. Kompyuta aliyoitumia, IBM 704, ilikuwa Madison Avenue katika jiji la New York. Mashine ilipiga hesabu polepole na kuandika majibu kwenye mkanda wa sumaku, kisha mkanda ukasafirishwa hadi Murray Hill kulikokuwa na kigeuzi. Huko ndiko kilikosikika kipande cha sekunde 17 kilichotungwa na Newman Guttman. Kompyuta za Australia na Uingereza zilikuwa zimeshapiga nyimbo mwaka 1951, lakini kwa kutuma mapigo ya umeme moja kwa moja kwenye spika. Kazi ya Mathews ndiyo iliyofungua njia inayotumika hadi leo, ya kueleza wimbi lolote kwa namba na kukiachia kigeuzi kazi ya kulirudisha.

Nadharia ilikuwepo kabla ya mashine. Harry Nyquist aliweka msingi wake mwaka 1928. Mwaka 1937 Alec Reeves, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Paris, alibuni njia ya kusafirisha sauti ya simu kwa namba, na mwaka 1949 Claude Shannon akachapisha uthibitisho wa kihesabu. Wimbi likipimwa mara zaidi ya mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa kwa sekunde, linaweza kurudishwa lote, bila kupotea chochote. Jambo hili watu wengi hawaliamini kwa sababu ya mchoro maarufu unaoonyesha sauti ya dijitali kama ngazi yenye vipandio. Mchoro huo unapotosha. Vipandio huondolewa na kichujio kilicho mwishoni mwa kigeuzi, na kinachotoka kwenye waya ni wimbi laini. Idadi ya biti nayo haiongezi ulaini; inashusha kelele ya chini. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya kelele hiyo na sauti kubwa kabisa, hivyo biti 16 hutoa desibeli zipatazo 96.

Sikio la binadamu kijana husikia hadi kama hezi 20,000, kwa hiyo sampuli 40,000 na ziada kidogo zingetosha. Namba iliyochaguliwa, 44,100, ilitokana na mashine za video. Katika miaka ya 1970 hapakuwa na kifaa cha kawaida cha kurekodi mafuriko ya namba isipokuwa kinasa video, na wahandisi wa Japani wakaamua kuzipanga namba za sauti kama mistari ya picha ya televisheni. Katika mfumo wa Marekani na Japani, kila fremu nusu ilikuwa na mistari 245 inayofaa, kila mstari ukabeba sampuli 3, na fremu nusu zilikuwa 60 kwa sekunde: 245 mara 3 mara 60 ni 44,100. Mfumo wa Ulaya wa mistari 294 na fremu nusu 50 ulitoa jibu lilelile. Namba iliyofaa mifumo yote miwili ikaingia kwenye CD, na kutoka kwenye CD ikarithiwa na mafaili ya MP3 ya leo.

CD, iliyobuniwa na Sony na Philips, ilizinduliwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Hapo ndipo kigeuzi kilipoingia sebuleni, na ugumu wa kukitengeneza ukajitokeza. Sony walitumia kigeuzi cha biti 16. Philips walikuwa na chipu ya biti 14 tu, lakini waliiendesha kwa kasi mara nne, sampuli 176,400 kwa sekunde, ili kelele isukumwe juu ya uwezo wa kusikia na kichujio kipate nafasi ya kufanya kazi taratibu. Matokeo yalilingana na biti 16, na ufundi huo wa kuzidisha kasi ndio unaotumika katika karibu kila kigeuzi kilichofuata.

Chipu za miaka hiyo zilikuwa ghali na zilitofautiana, na mashine za bei nafuu zilisikika wazi kuwa za bei nafuu. Basi katikati ya miaka ya 1980 vikaanza kuuzwa visanduku vya kigeuzi peke yake. Mashine ya CD ilitoa namba kupitia njia iliyopewa jina la Sony na Philips wenyewe, S/PDIF, kwa waya au kwa nyuzi za mwanga, na kisanduku kikafanya kazi iliyobaki. Kampuni ya Arcam ya Cambridge, Uingereza, ilikuwa miongoni mwa zilizokifikisha kifaa hiki kwa wasikilizaji wasio matajiri kabla ya muongo huo kwisha.

Kutenganisha huko kulizaa tatizo jipya. Kigeuzi kinahitaji saa, yaani kristali inayosema sampuli ifuatayo itoke lini hasa. Katika S/PDIF mapigo ya saa husafiri pamoja na namba kwenye waya mmoja, na kisanduku hulazimika kuyakisia upya. Yakichelewa au kuwahi kwa kiasi kidogo mno, umbo la wimbi hupotoka. Julian Dunn, mhandisi Mwingereza, alieleza katika miaka ya 1990 namna ya kuupima upotofu huo, na vipimo vyake vikawafunza watengenezaji kuupunguza hadi usisikike. Upotofu huo uliendelea kutajwa katika matangazo muda mrefu baada ya tatizo kutatuliwa.

Wakati CD zinapiga muziki wa okestra, kompyuta ya mezani ilikuwa ikilia tu. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kutoa mlio wa onyo. Mwaka 1989 kampuni ya Creative, iliyoanzishwa Singapore na Sim Wong Hoo, ilitoa kadi ya Sound Blaster, yenye biti 8, mkondo mmoja wa sauti, na sampuli zisizozidi takriban 23,000 kwa sekunde. Biti 8 ni hatua 256 tu za ukubwa wa sauti, ilhali CD ina 65,536. Ilitosha kwa michezo ya kompyuta. Kadi ya biti 16 na sampuli 44,100 ilikuja mwaka 1992, na kwenye karatasi kompyuta ikawa sawa na CD.

Kwenye karatasi tu. Ndani ya sanduku la kompyuta kulikuwa na ugavi wa umeme uliowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, diski iliyozunguka, prosesa na kadi ya picha, na vyote vilinyonya umeme kwa mikupuo. Waya mwembamba wa sauti uliopita katikati yake ulidaka kila kitu. Watumiaji wa miaka hiyo wanaukumbuka mlio mwembamba uliosikika kwenye hedifoni kila puku iliposogezwa, na mkwaruzo kila diski iliposomwa. Mwaka 1997 Intel walitoa kanuni ya AC'97, ambayo ilitenga chipu ya analogia na ya dijitali na kuiweka sauti kwenye bodi kuu kwa gharama ndogo sana. Kanuni hiyo ilijengwa juu ya sampuli 48,000. Muziki wa CD wa 44,100 ulibidi uhesabiwe upya, kwa uwiano mgumu wa 160 kwa 147, na kadi nyingi zilifanya hesabu hiyo kwa njia ya mkato iliyochafua sauti. Ni katika kipindi hiki, MP3 ziliposambaa kwa Napster, programu ya kubadilishana mafaili, kuanzia 1999, ndipo kigeuzi cha nje kilipostahili sifa zake zote: kilikuwa mbali na kelele, kikapokea namba bila kuzibadilisha, na aliyekichomeka alisikia tofauti papo hapo.

USB ndiyo iliyokifanya kiwe cha kila mtu. Kanuni ya sauti kwa USB ilitoka mwaka 1998, na kisanduku kikaweza kupata namba na umeme kwa waya mmoja bila kufungua kompyuta. Vile vya mwanzo viliifuata kasi ya kompyuta, iliyotuma pakiti elfu moja kwa sekunde kwa saa isiyotulia. Katikati ya miaka ya 2000 Gordon Rankin wa kampuni ya Wavelength, Marekani, aliingiza kwenye vifaa vya muziki njia nyingine iliyokuwemo katika kanuni lakini haikutumiwa na wengi: kigeuzi kinatumia kristali yake, kisha kinaiambia kompyuta iongeze au ipunguze mwendo. Saa ikawa karibu na chipu inayoihitaji. Njia hiyo sasa imo hata katika vifaa vya bei ya chini.

Lakini chipu za ndani nazo hazikusimama. Kanuni mpya ya Intel ya mwaka 2004 iliondoa kikwazo cha 48,000, bodi zikapangwa upya ili njia za sauti zikae mbali na kelele, na kufikia miaka ya 2010 kompyuta mpakato nyingi nzuri zilikuwa na kigeuzi ambacho kasoro zake ziko chini ya uwezo wa sikio. Mwaka 2007 watafiti E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lililogusa kiini cha mjadala. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakazipitisha katika kigeuzi cha biti 16 na 44,100, wakawauliza wasikilizaji kipi ni kipi bila kuwaonyesha. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, ambayo ni kama kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha majaribio 18 ya namna hiyo yenye washiriki zaidi ya 400 na kupata asilimia 52.3 ya majibu sahihi. Tofauti ipo, ila ni ndogo mno, na waliofunzwa kusikiliza waliitambua vizuri zaidi.

Wanaosema wamesikia badiliko kubwa baada ya kununua kisanduku hawadanganyi. Mara nyingi wamesikia ukubwa wa sauti. Kigeuzi cha nje kinaweza kutoa volti 2 mahali ambapo kompyuta hutoa volti 1 au chini yake, na sikio huuchukulia wimbo uliopanda desibeli moja kuwa wenye uhai zaidi, si wenye kelele zaidi. Ulinganisho wa haki huanza kwa kusawazisha volti kwa kipimo, na maduka machache sana hufanya hivyo.

Zipo hali ambazo kigeuzi cha nje kinafaa bila ubishi. Ya kwanza ni kelele. Kompyuta inayovuma ikiwa kwenye chaji na kunyamaza chaji ikichomolewa ina tatizo la waya wa ethi, yaani kompyuta na amplifaya zinakutana na ardhi kwa njia mbili. Hapa kisanduku cha USB peke yake huenda kisisaidie, kwa sababu waya wa USB nao hubeba ethi. Kinachosaidia ni kigeuzi kinachopokea namba kwa waya wa mwanga, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983, ambao hukata kabisa muungano huo wa umeme. Ya pili ni hedifoni nzito. Sennheiser HD 600, kwa mfano, zina ukinzani wa omu 300 na huhitaji volti ambazo kompyuta mpakato nyingi hazina. Kinyume chake, vipokea sauti vidogo vyenye spika kadhaa ndani hubadilika sauti kama tundu la kompyuta lina ukinzani mkubwa. Kwa hedifoni nzito na kwa vipokea hivyo vidogo, kinachotibu ni amplifaya iliyomo ndani ya kisanduku, wala si kigeuzi chenyewe.

Mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye hakuwahi kujitambulisha kwa jina lake, aliyaonyesha haya kwa vipimo. Mwaka 2011 alichapisha bure mchoro wa amplifaya ya hedifoni, mwaka uliofuata akafuatisha kigeuzi cha bei nafuu, vyote vikishindana na vifaa vya gharama kubwa zaidi. Baadaye Apple, walipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, waliuza kiunganishi cha dola 9 chenye kigeuzi ndani ya kichwa cha waya. Kiunganishi hicho, na kile cha USB-C kilichofuata mwaka 2018, vikipimwa hutoa matokeo ambayo kisanduku cha miaka ya 1980 hakikuweza kuyafikia.

Kitu ambacho kigeuzi hakiwezi kufanya ni kurudisha kilichokwisha kupotea. MP3 iliyobanwa sana imeshatupa sehemu ya sauti, na taarabu iliyonakiliwa kutoka kanda kuukuu imeshika mkwaruzo wa kanda kama sehemu ya namba zake. Kigeuzi bora zaidi kitautoa mkwaruzo huo kwa uaminifu zaidi. Spika na chumba zilimo hubadilisha sauti kwa desibeli nyingi, ilhali vigeuzi vizuri viwili hutofautiana kwa sehemu ndogo ya desibeli. Fedha ikiwa ni ya kununua kitu kimoja, spika au hedifoni ndizo zinazostahili kutangulia.

Kwa wengi sasa kigeuzi kimeshahama tena. Hedifoni za Bluetooth hupokea namba kwa mawimbi ya redio na kuzigeuza zenyewe, karibu na sikio, baada ya kompyuta kuzibana ili zipite hewani. Msikilizaji wa hedifoni hizo akinunua kisanduku cha USB hatasikia badiliko lolote, kwa kuwa muziki wake haupiti humo.