Mwenye Shahada ya Fani Nyingine Anayetaka Kusomea Uuguzi: Sifa, Njia na Hatua za Kuomba

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa wananchi wanaofuatilia udahili wa kozi za uuguzi na ukunga wamo pia watu wazima wenye shahada za ualimu, uhasibu, sheria au utawala, ambao wameamua kubadili fani. Swali lao la kwanza huwa moja: je, shahada niliyonayo itanipunguzia miaka ya masomo?

Swali hilo lina msingi. Nchini Uingereza, mwenye shahada anaweza kuhesabiwa sehemu ya elimu na uzoefu wake wa awali, akamaliza mafunzo ya uuguzi kwa miaka 2. Nchini Marekani vipo vyuo vyenye programu za namna hiyo zinazochukua kati ya miezi 12 na 18. Mfumo wa Tanzania ni tofauti. Mwenye shahada ya fani nyingine huingia kwa mlango uleule anaopita mhitimu wa sekondari, na kinachoangaliwa kwanza ni matokeo yake ya masomo ya sayansi. Ni muhimu mwombaji alielewe jambo hili kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Cheti cha kidato cha nne kwanza

Kwa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, sifa zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) zinamtaka mwombaji awe amefaulu kidato cha nne kwa alama zisizopungua D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi ya kuchaguliwa. Masomo ya stashahada huchukua miaka 3.

Kwa Shahada ya Uuguzi, vyuo vikuu huangalia ufaulu wa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, hususan Kemia na Baiolojia, kwa viwango vinavyochapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Masomo huchukua miaka 4, na baada yake mhitimu hufanya mafunzo kwa vitendo kazini kwa mwaka 1.

Kwa hiyo, mhasibu aliyesoma mchepuo wa biashara sekondari, hata akiwa na shahada ya daraja la kwanza, hatimizi sifa hizo. Mwalimu wa Kemia na Baiolojia, kwa upande mwingine, huenda tayari anazo. Tofauti kati yao iko katika vyeti vya sekondari.

Asiye na ufaulu wa sayansi

Aliyepungukiwa hajafungiwa njia. Anaweza kujisajili kwa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya masomo anayoyahitaji katika mtihani wa kidato cha nne, ambao hufanyika mwezi Novemba. Akifaulu, huweza kuomba stashahada katika dirisha la udahili linalofuata.

Stashahada nayo humfungulia njia ya kuendelea. Mhitimu mwenye wastani (GPA) usiopungua 3.0 anaweza kuomba Shahada ya Uuguzi kwa sifa linganishi, mradi atimize masharti mengine ya chuo husika. Wakati huo atahitaji namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) inayotolewa na NACTVET.

Hesabu ya umri na fedha

Matangazo ya ajira mpya serikalini yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka ukomo wa umri wa miaka 45, isipokuwa kwa walio tayari katika utumishi wa umma. Anayeanza stashahada akiwa na miaka 40 atamaliza akiwa na 43, na muda wa kuomba ajira utakuwa umebaki mfupi. Anayeanza shahada akiwa na miaka 41 atamaliza masomo na mafunzo kwa vitendo akiwa na 46, hivyo atakuwa amevuka ukomo huo na atalazimika kutegemea hospitali binafsi na za mashirika ya dini.

Masomo ya uuguzi ni ya kutwa nzima, na mafunzo ya wodini hufanyika kwa zamu, zikiwemo za usiku. Ni vigumu kuyaunganisha na ajira ya mchana. Anayetarajia mkopo asome kwanza mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kwa kuwa miongozo ya miaka ya karibuni imekuwa na masharti ya umri, kipato na muda uliopita tangu mwombaji ahitimu sekondari, na wengi wanaobadili fani hukwama hapo. Aidha, kuacha kazi hakufuti deni la mkopo uliogharamia shahada ya kwanza.

Kwa mtumishi wa umma, kibali cha mwajiri hupatikana kabla ya kwenda masomoni. Azingatie pia kwamba kuhitimu hakumbadilishii kada moja kwa moja. Mabadiliko hayo hutegemea nafasi katika ikama na idhini ya mamlaka husika.

Hatua za kuomba

1. Hakiki vyeti. Majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na Kitambulisho cha Taifa yanapaswa kufanana. Yakitofautiana, shughulikia marekebisho ya kisheria mapema.

2. Aliyesoma sekondari nje ya nchi apate ulinganifu wa matokeo kutoka NECTA.

3. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika na uthibitishe kuwa chuo kimesajiliwa na kozi inatambuliwa.

4. Maombi ya stashahada hupitia utaratibu unaotangazwa na NACTVET. Maombi ya shahada hutumwa moja kwa moja kwa chuo kikuu.

5. Lipa ada ya maombi kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo tu. Usimpe fedha mtu anayedai kuwa anaweza kukupatia nafasi.

6. Tunza nakala za fomu, stakabadhi na ujumbe wa uthibitisho.

Baada ya masomo, mhitimu hawezi kutoa huduma mpaka afaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, asajiliwe na kupewa leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

Wananchi wanashauriwa kufuata mpangilio huu: kuangalia cheti cha kidato cha nne, kupiga hesabu ya umri na gharama, kuomba na kupata barua ya udahili, na hapo ndipo kuachana na kazi ya awali. Anayetanguliza kuacha kazi anaweza kujikuta hana ajira wala nafasi ya masomo.